Ukurasa Ukigoma, Usikisie: Pima

Mteja akikwama kwenye tovuti hakupi maelezo marefu. Husema "haifunguki" au "inaganda", kisha huenda kununua kwingine. Kwa mwenye biashara hiyo ni hasara ya siku hiyo. Kwa fundi aliyeijenga tovuti ndiyo kwanza kazi inaanza, na hapo ndipo mafundi wengi hupotea njia. Hubadilisha toleo la maktaba, hufuta mstari huu na kuongeza ule, hupakia upya kwenye seva na kusubiri kuona itakuwaje. Pengine tatizo huondoka, lakini kwa kuwa hakuna anayejua limeondokaje, likirudi wiki ijayo kazi huanza upya.

Ushauri wangu ni mmoja, na yote yatakayofuata ni ufafanuzi wake: kasoro ya JavaScript itafutwe kwenye kifaa cha mteja, kwa vipimo, si kwenye kompyuta ya fundi kwa kubahatisha.

Tuchukue mfano wa tovuti ya kukata tiketi za mabasi ya mikoani. Inatumia maktaba moja kwa kalenda, nyingine kwa orodha ya safari, na nyingine kwa ramani ya viti. Yanafika malalamiko manne. Mwenye iPhone 7 anaona ukurasa mweupe mtupu. Kijana aliyeko Toronto, anayemlipia mama yake nauli, anaona safari ya tarehe 7 imeandikwa tarehe 6. Mwenye simu ya Android yenye RAM ya GB 1 anasema orodha inakwamakwama akiisogeza kwa kidole. Na wakala wa tiketi katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, anasema asubuhi tovuti ni nyepesi, lakini ikifika alasiri kompyuta inakaribia kuganda. Mtu anaweza kuyaweka yote manne chini ya jina moja la "tovuti mbovu", ilhali kila moja lina chanzo chake na dawa yake.

Uliza kabla ya kugusa msimbo

Hatua ya kwanza ni kuandika lalamiko likamilike. Simu ni ya aina gani? Mfumo wake ni toleo la ngapi? Anatumia kivinjari kipi, na toleo gani? Alikuwa kwenye Wi-Fi au bando? Alibofya nini, akaona nini? Mwombe picha ya skrini kwa WhatsApp. Mara nyingi hiyo peke yake hukupa nusu ya majibu.

Kisha jiulize: je, kitu hakifanyi kazi kabisa, au kinafanya kazi polepole? Kisichofanya kazi kwa mteja mmoja huku kikifanya kazi kwa wengine, mara nyingi ni suala la upatanifu wa vivinjari. Kinachofanya kazi kwa kuchelewa ni suala la utendaji. Zana za kuchunguza mambo haya mawili ni tofauti, na anayeyachanganya hupoteza siku nzima.

Ondoa pia watuhumiwa wepesi mapema. Fungua ukurasa kwenye dirisha la faragha, ambako kwa kawaida viongezi vya kivinjari havifanyi kazi, maana kizuia matangazo kinaweza kuzuia faili lako. Hakikisha kivinjari hakikupi faili la zamani lililohifadhiwa. Na kila unapojaribu, badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na tatizo likaondoka, hujajifunza lolote.

Kwa nini vivinjari hutofautiana

Brendan Eich aliiandika JavaScript mwaka 1995 akiwa Netscape. Mwaka uliofuata Microsoft ikaweka toleo lake, JScript, ndani ya Internet Explorer. Sanifu ya pamoja, ECMAScript, ilitoka mwaka 1997, lakini kwa miaka mingi msimbo uliokubaliwa na kivinjari kimoja ulikataliwa na kingine. Ndiyo maana jQuery ya John Resig, iliyotoka mwaka 2006, ilipendwa upesi: ilibeba tofauti hizo kwa niaba ya fundi. Internet Explorer 11 iliagwa rasmi tarehe 15 Juni 2022.

Leo zimebaki injini tatu kubwa. Chrome, Edge, Opera na Samsung Internet hutumia Blink pamoja na V8. Safari hutumia WebKit. Firefox hutumia Gecko. Kwenye iPhone, Chrome na Firefox nazo hutumia WebKit, ingawa katika Umoja wa Ulaya Apple iliruhusu injini nyingine kuanzia mwaka 2024. Kwa hiyo kumwambia mteja wa iPhone aliyeko Dodoma au Mombasa "jaribu kwa Chrome" hakumsaidii: ni injini ileile kwa jina jingine.

Tatizo kubwa zaidi siku hizi ni umri wa toleo. Safari husasishwa pamoja na mfumo wa simu. iPhone 6 iliishia iOS 12, na iPhone 7 iliishia iOS 15. Kwenye Android, Chrome hupata matoleo mapya kutoka Play Store, lakini Chrome 119 ndiyo ya mwisho kwa Android 7. Simu hizi hazijatupwa. Zinauzwa zikiwa zimetumika, zinatengenezwa kioo na betri, zinarithishwa kwa wadogo. Fundi anayedhani kila mtu ana simu ya mwaka huu anawafungia mlango wateja wake mwenyewe.

Ukurasa mweupe

Turudi kwa mwenye iPhone 7. Ukurasa mweupe mtupu kwa kawaida humaanisha kwamba faili zima la JavaScript limekataliwa, si kwamba mstari mmoja umeshindwa. Kivinjari husoma sarufi ya faili lote kabla ya kutekeleza mstari wa kwanza. Kikikuta alama kisiyoijua, huliacha faili lote, na kama ukurasa wako unachorwa na JavaScript, hakuna kitakachoonekana.

Unahitaji kuliona kosa lenyewe. Simu ya Android iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, washa utatuzi wa USB kwenye simu, kisha fungua chrome://inspect kwenye Chrome ya kompyuta. Utasoma konsoli ya simu moja kwa moja. iPhone nayo hukaguliwa kwa waya, kupitia Safari ya kompyuta ya Mac. Huna Mac? Weka Eruda kwenye toleo la majaribio. Ni konsoli inayofunguka ndani ya ukurasa wenyewe. Au weka juu kabisa ya ukurasa hati fupi iliyoandikwa kwa JavaScript ya zamani, ambayo kwa `window.onerror` itaandika ujumbe wa kosa kwenye skrini. Hati hiyo iwe peke yake, isiwe ndani ya faili unalolituhumu.

Kwenye iOS 15 huenda ukakuta maneno "invalid group specifier name". Huo ni ujumbe unaojulikana sana. Unamaanisha kuna mchoro wa kutafuta maandishi unaotazama herufi zilizotangulia, ulioandikwa kwa alama `(?<=` au `(?<!`. Safari ilianza kuielewa sarufi hiyo katika toleo 16.4, Machi 2023. Pengine wewe hukuiandika kamwe. Imo ndani ya maktaba ya kalenda uliyoiingiza.

Hapa mafundi wengi hushangaa, kwa sababu wanatumia Babel, zana inayogeuza JavaScript mpya kuwa ya zamani. Kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, mipangilio mingi ya Babel hairuki tu kabrasha la `node_modules` kwa bahati mbaya. Imeagizwa kuliruka, kwa hiyo msimbo wako hugeuzwa lakini wa maktaba hubaki ulivyo. Iongeze maktaba husika kwenye orodha ya vinavyogeuzwa. La pili, Babel haiwezi kugeuza mchoro huo hata ukiiagiza. Dawa ni kurudi kwenye toleo la maktaba lisilo nao, kuuandika upya, au kutumia maktaba nyingine.

Tofautisha pia sarufi na uwezo. Sarufi mpya, kama alama `?.` iliyoingia katika sanifu ya 2020, lazima igeuzwe kabla ya kumfikia mteja. Uwezo unaokosekana, kama amri ambayo kivinjari cha zamani hakina, huongezwa kwa viraka vya msimbo ambavyo mafundi huviita polifili. Mkusanyiko unaotumika sana ni core-js. Kabla ya kutumia amri mpya, tazama jedwali lake kwenye MDN au Can I Use, kisha andika matoleo unayoyahudumia katika faili la Browserslist ili zana zako zote zifuate orodha moja.

Viraka hivyo vihifadhi kwenye seva yako. Anwani ya polyfill.io ilitumiwa na tovuti zaidi ya 100,000 kupata viraka kutoka nje. Februari 2024 ilinunuliwa na mmiliki mpya, na Juni mwaka huohuo ikagundulika kuwa inawapa baadhi ya watumiaji wa simu msimbo wa hila. Andrew Betts, aliyeanzisha mradi huo, alikuwa amekwisha kuwasihi watu waiondoe. Kila faili unalolivuta kutoka kwa mtu mwingine linaendeshwa kwa jina lako mbele ya mteja wako. Ikibidi kulivuta, liwekee sifa ya `integrity`, ili kivinjari kilikatae likibadilishwa.

Na usikibaini kivinjari kwa jina kinalojitangazia. Chrome hujitaja kuwa Mozilla na Safari pia, na tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019 Safari ya iPad hujitambulisha kama kompyuta ya Mac. Uliza uwezo wenyewe: kama `IntersectionObserver` ipo, itumie, kama haipo, mpe mteja njia rahisi zaidi.

Tarehe inayoruka

Yule kijana wa Toronto hana simu mbovu. Seva inatuma "2025-04-07", na kwa mujibu wa sanifu, tarehe isiyo na saa husomwa kama usiku wa manane kwa saa za UTC. Dar es Salaam na Nairobi ziko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo huko inakuwa saa tisa usiku ya tarehe 7, na kosa halionekani. Toronto iko nyuma ya UTC, kwa hiyo huko bado ni jioni ya tarehe 6. Fundi aliyepima akiwa Afrika Mashariki hataliona kamwe.

Ukiandika "2025-04-07 08:30" kwa nafasi katikati unaingia shida nyingine: Chrome huikubali, Safari za zamani huikataa na kusema tarehe si halali. Tuma saa kamili yenye herufi T na tofauti ya saa, yaani "2025-04-07T08:30:00+03:00", kisha uionyeshe kwa `Intl.DateTimeFormat` ukitaja saa za eneo "Africa/Dar_es_Salaam". Basi huondoka kwa saa za kituoni, popote alipo mnunuzi. Kompyuta nayo ijaribu ikiwa imewekwa saa za miji mingine. Zana za Chrome zina sehemu ya kuigiza mahali.

Orodha inayokwama

Sasa utendaji. JavaScript ya ukurasa huendeshwa kwenye uzi mmoja, uleule unaochora skrini na kupokea mguso wa kidole, kama karani mmoja anayekata tiketi, kupokea simu na kupakia mizigo. Akiwa na mzigo mgongoni, foleni ya dirishani inasubiri. Skrini nyingi huchorwa mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila mchoro una takriban milisekunde 16.7. Kazi yoyote inayozidi milisekunde 50 huhesabiwa kuwa ndefu, na mtumiaji huanza kuihisi.

Fungua sehemu ya Performance katika zana za Chrome, punguza kasi ya prosesa mara nne au sita ili kompyuta yako ikaribie simu ya bei nafuu, rekodi huku ukisogeza orodha, kisha tafuta vipande virefu vilivyowekewa alama nyekundu. Chini ya kila kipande utaona jina la amri iliyokula muda, na faili lake. Hapo ndipo utakapojua kama mkosaji ni maktaba au ni namna unavyoiita.

Mara nyingi mkosaji ni kupima na kubadilisha kwa zamu. Msimbo unasoma urefu wa safu ya kwanza kwa `offsetHeight`, unaubadilisha, unasoma wa pili, unaubadilisha. Kila usomaji baada ya badiliko hukilazimisha kivinjari kupanga upya ukurasa papo hapo. Safu 300 ni mipango 300. Soma vipimo vyote kwanza, kisha badilisha vyote pamoja. Onyesha safu zilizo karibu na macho tu, nyingine zije mtu anapozifikia. Msikilizaji mmoja wa mibofyo juu ya orodha nzima anatosha mahali pa mia tatu. Wasikilizaji wa mguso wape alama ya `passive`, ili kivinjari kisiwasubiri kabla ya kusogeza. Na kisanduku cha kutafuta mji kisihesabu upya kwa kila herufi. Kisubiri kidole kitulie.

Weka kipimo cha nje pia. Google hupima mwitikio kwa INP, iliyochukua nafasi ya FID tarehe 12 Machi 2024: mwitikio wa milisekunde 200 au chini huhesabiwa kuwa mzuri, na kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kinapaswa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Andika namba kabla ya kurekebisha na baada yake. Rekebisho lisilobadilisha namba liondoe, hata kama limeandikwa kwa ustadi.

Kompyuta inayochoka alasiri

Wakala wa Mbezi hafungi ukurasa tangu alfajiri. Kinachojaa hapo ni kumbukumbu. Kila anapofungua ramani ya viti, maktaba huongeza wasikilizaji na saa za kujirudia. Anapoifunga, ramani huondoka kwenye skrini lakini msimbo bado umeishika.

Tumia sehemu ya Memory. Piga picha ya kumbukumbu, fungua na ufunge ramani mara kumi, piga nyingine, rudia, piga ya tatu. Vitu vikiongezeka kila mara kwa idadi ileile ya mizunguko, umeuona mvujo. Tafuta neno "Detached" katika orodha: hivyo ni vipande vya ukurasa vilivyoondolewa lakini bado vimeshikwa. Maktaba nyingi zina amri ya kujisafisha, kama `destroy` au `dispose`, na watumiaji husahau kuiita. Soma nyaraka zake kabla ya kuituhumu.

Uzito unaolipiwa

Kilobaiti 200 za picha na kilobaiti 200 za JavaScript hazilingani. Picha hufunguliwa na kuonyeshwa. JavaScript lazima isomwe, itafsiriwe na kutekelezwa, na kwenye simu ya bei nafuu hatua hizo zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko kupakua. Na kupakua kwenyewe ni bando la mtu.

Fungua sehemu ya Coverage uone ni kiasi gani cha faili hakikutumika. Kama unaingiza Lodash nzima kwa ajili ya amri moja, ingiza amri hiyo peke yake. Moment.js, ambayo watunzaji wake walitangaza Septemba 2020 kuwa haitaendelezwa tena, mara nyingi inaweza kupisha `Intl` iliyomo tayari ndani ya kivinjari. Ramani ya viti ipakuliwe pale mtu anapochagua basi, si kabla. Hati zako zipe `defer`, zisizuie ukurasa kuonekana.

Kumbuka Opera Mini. Ikiwa katika hali yake ya kubana zaidi, seva za Opera ndizo zinazoendesha JavaScript na kuutuma ukurasa ukiwa umekwisha kuchorwa. Vitu vinavyojibadilisha baadaye havitafanya kazi kama ulivyotarajia. Orodha ya safari na fomu ya kawaida ya HTML zikitoka kwenye seva, mteja huyo naye atakata tiketi.

Kama kweli kosa ni la maktaba

Ukishuku toleo jipya, usirudi nyuma kwa kubuni. `git bisect` hugawa historia nusu kwa nusu. Katika mabadiliko 1,000 utahitaji majaribio yapatayo kumi kumpata mkosaji. Lihifadhi faili linalofunga matoleo, kama `package-lock.json`, ili kompyuta ya mwenzako na seva zitumie maktaba zilezile.

Kisha tengeneza ukurasa mdogo kabisa unaoonyesha kosa: maktaba hiyo, mistari michache, basi. Mara nyingi ukiwa unapunguza utagundua kosa ni lako, na utakuwa umelitatua. Likibaki, waandikie watunzaji: toleo la maktaba, kivinjari na toleo lake, ulichofanya, ulichotarajia, ulichoona, na huo ukurasa mdogo. Wengi wao wanajitolea. Ripoti safi hurekebishwa. Ripoti ya "haifanyi kazi" huwapotezea muda wao na wako.

Na usisubiri malalamiko. Kusanya makosa ya wateja kwenye seva yako. Ukipokea maneno "Script error." pekee, faili limetoka anwani nyingine na kivinjari kimeficha undani wake. Weka sifa ya `crossorigin` kwenye hati na ruhusa ya CORS kwenye seva iliyolitoa, na ujumbe kamili utaonekana.

Nakusihi basi, wewe unayejengea watu tovuti: tafuta simu moja ya Android ya bei ya chini na iPhone moja ya zamani, ziwekee bando la kawaida, na kila toleo jipya lipite hapo kabla ya kumfikia mteja. Gharama ya simu hizo mbili ni ndogo kuliko ya wateja wanaoondoka kimya. Tovuti isiyofunguka kwenye simu ya mteja haijakamilika, hata ikipendeza vipi kwenye kompyuta yako.